Mbwa Anayeanguka na Kuinuka Hastahili Rungu

Wasikilizaji wangu wa Kasokola, na ninyi mnaotusikia kutoka Mpanda mjini, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na wilaya ya Tanganyika mpaka Karema ukingoni mwa ziwa, naomba tukae pamoja kidogo, maana jambo la leo linaigusa karibu kila nyumba inayolindwa na mbwa usiku, na kila shamba la mahindi linalohitaji mlinzi dhidi ya ngedere na nguruwe pori.

Tuseme mbwa wako yuko uani, mzima kabisa. Mara anaduwaa, anaanguka ubavu, anakakamaa. Meno yanakaza, miguu inapiga hewani, povu linamtoka mdomoni, mkojo unamtoka bila yeye kujua. Watoto wanapiga kelele. Jirani anakuja mbio na rungu mkononi. Dakika mbili baadaye mbwa analegea, anavuta pumzi ndefu, anasimama akiyumba, na anakutazama kana kwamba hajawahi kukuona. Je, wewe mwenye mbwa ufanye nini?

Mara nyingi sauti inayosikika kwanza ni ile inayosema ana kichaa, auawe. Sitamlaumu anayesema hivyo, kwa sababu hofu yake ina msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila watu 10 wanaokufa, kama 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtu akishaonesha dalili za kichaa, karibu hakuna anayepona. Mzazi anayemwona mbwa ana povu karibu na mtoto wake ana haki ya kuogopa.

Lakini si kila mbwa anayeanguka na kutoa povu ana kichaa. Yupo mbwa mwenye kifafa, anayeanguka leo, akaamka, akala, akalinda nyumba, asianguke tena mpaka baada ya miezi mitatu. Mbwa huyu anaweza kuishi miaka mingi. Na ninachotaka kuwaambia leo ni kitu kimoja, ambacho mengine yote yanakizunguka: chanjo ya kichaa ndiyo dawa ya kwanza ya mbwa mwenye kifafa. Chanjo haiponyi kifafa, hapana. Inachofanya ni kumpa mbwa muda. Mbwa aliyechanjwa kila mwaka, mwenye cheti chake nyumbani, akianguka watu wanaweza kusubiri aamke. Mbwa asiyechanjwa hana wa kumtetea, na mwenye mbwa mwenyewe hana la kusema mbele ya majirani.

Tuanze basi na tofauti ya kichaa na kifafa, maana hapo ndipo maisha yanapookolewa au kupotea.

Kifafa huja kwa ghafla na huondoka. Mara nyingi degedege hudumu kati ya dakika moja na tatu. Baada ya hapo mbwa huchanganyikiwa: anazunguka ovyo, anagonga vitu kana kwamba haoni, ana kiu, ana njaa kali. Hali hiyo huchukua dakika chache, au saa chache, pengine hata siku nzima. Kisha anarudi kuwa mbwa wako yuleyule.

Kichaa hakirudi nyuma. Tabia hubadilika: mpole anakuwa mkali, mkali anajipendekeza kwa watu asiowajua. Anang'ata vijiti, mawe, hata hewa. Sauti ya kubweka inabadilika. Anatangatanga mbali na nyumbani. Wengine hawawi wakali kabisa. Hujificha gizani, taya likalegea, mate yakatiririka kwa sababu hawawezi kumeza. Kila siku inakuwa mbaya kuliko jana, miguu inakufa ganzi, na kwa kawaida mbwa hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Kwa hiyo mbwa aliyeanguka mwezi uliopita na leo anakula ugali wake vizuri, kuanguka kule hakukuwa kichaa.

Tatizo ni siku ile ya kwanza. Kichaa nacho kinaweza kuleta degedege, na kwa kutazama tu huwezi kuwa na uhakika. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Ikiwa mbwa hajachanjwa, au aling'atwa na mbwa mwingine, fisi au mbweha katika wiki au miezi iliyopita, usimguse. Mfungie mahali peke yake, msukumie maji na chakula kwa mti mrefu, waondoe watoto, kisha mwite bwana mifugo wa kata. Yeye ndiye ataamua kama atazamwe kwa siku hizo 10 au hatua nyingine ichukuliwe. Na mtu aking'atwa, au mate ya mbwa huyo yakiingia kwenye kidonda, asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo aanze chanjo. Kusubiri ni kwa ajili ya mbwa. Binadamu hasubiri.

Sasa tuseme mbwa wako amechanjwa, unamjua, na ameanguka mbele yako. La kwanza, tazama saa. Simu yako ina saa. Angalia degedege limeanza dakika ya ngapi. Ndani ya hofu, dakika moja huonekana kumi, na daktari atahitaji kujua ukweli. Kama yupo mwenzako, apige picha ya video. Video ya nusu dakika humfaa daktari wa mifugo kuliko maelezo ya nusu saa.

La pili, usitie mkono mdomoni mwake. Wala kijiko, wala kijiti. Mbwa hamezi ulimi wake, hilo halitokei. Lakini taya zake zimekaza na hajui kama wewe ni bwana wake. Atakukata vidole bila kukusudia. Na jeraha hilo litaleta hofu mpya ya kichaa pale ambapo hapakuwa na sababu.

La tatu, ondoa hatari zinazomzunguka. Kama yuko karibu na mafiga yenye moto, kisima kisichofunikwa au barabara, mvute kwa miguu ya nyuma au kwa gunia, polepole. Kama amefungwa kamba shingoni, ikate au ilegeze, maana anaweza kujinyonga. Kisha nyamazeni. Punguzeni mwanga, zimeni redio, hata kama ni mimi ninayezungumza. Usimmwagie ndoo ya maji kichwani. Jua likiwa kali na mwili wake umepata joto, lowesha nyayo na tumbo kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Usimnyweshe chochote, iwe maziwa, mafuta au dawa ya kienyeji, mpaka aweze kusimama na kumeza mwenyewe. Kinachomiminwa kwenye koo lisilojitambua huishia mapafuni.

La nne, jueni mpaka wa kusubiri. Degedege likipita dakika 5 bila kukoma, au akianguka mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura. Mwili unapanda joto, ubongo unaumia, na mbwa anaweza kufa. Hapo tafuta usafiri, mpigie daktari ukiwa njiani. Daktari ana diazepamu, dawa ya kukata degedege, na kwa mbwa anayerudiwa anaweza kukufundisha kuitumia nyumbani kwa njia ya haja kubwa, kwa kipimo alichokiandika yeye.

Baada ya mbwa kutulia, kazi ya pili ni kutafuta chanzo. Usikimbilie kusema ni kifafa kabla hujauliza maswali ya huku kwetu.

Swali la kwanza ni sumu. Katavi tunalima mahindi, mpunga na tumbaku, na tunapuliza viuatilifu. Kopo likitupwa uani, mbwa analilamba. Ipo sumu ya panya iliyowekwa ghalani. Na lipo jambo linalofanywa kwa nia njema kabisa: mtu anaona kupe kwenye mbwa, anachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, anaikoroga kwa kukisia, anampaka mbwa mwili mzima. Mbwa anajilamba, na baada ya saa chache anatetemeka, mate na machozi yanamtoka, anaharisha, anaanguka. Hiyo ni sumu, na inahitaji daktari haraka. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni ya kawaida ukiwa umevaa glavu au mifuko mikononi, na mpelekee daktari lebo ya kopo lenyewe.

Swali la pili ni ndorobo. Mkoa wetu una mapori, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, tunapakana nayo. Wafugaji wanajua ndorobo anavyoua ng'ombe kwa nagana. Wachache wanajua kwamba vimelea vya jamii hiyohiyo humshambulia mbwa vikali mno. Mbwa aliyefuata mifugo porini akarudi na homa, uso umevimba, kioo cha jicho kimekuwa cha buluu yenye ukungu, kisha akaanza kuyumba na kuanguka, huyo damu yake itazamwe kwa darubini. Vivyo hivyo homa zinazoletwa na kupe.

Swali la tatu ni ugonjwa wa distempa. Huanza kama mafua: usaha machoni na puani, kikohozi, kuharisha. Baada ya wiki mbwa anaanza kutafunatafuna bila kitu mdomoni, msuli mmoja unarukaruka, kisha degedege. Ni ugonjwa huohuo uliovuka kutoka kwa mbwa wa vijijini na kuua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Dawa ya kuua virusi vyake haipo, lakini chanjo ipo. Tunaoishi jirani na simba wa Katavi tuna sababu mbili za kuchanja.

Yapo na mengine ya kuuliza upesi. Mtoto wa mbwa mwenye minyoo na njaa anaweza kuanguka kwa kuishiwa sukari. Akiacha kutikisika, mpake asali kwenye fizi na umpeleke. Jike anayenyonyesha akikakamaa na kutetemeka wiki chache baada ya kuzaa, huenda ameishiwa madini ya chokaa mwilini, na sindano ya daktari humrudisha haraka. Mbwa aliyegongwa na pikipiki miezi iliyopita anaweza kubaki na kovu kwenye ubongo. Na tegu wa nguruwe, yule anayesababisha kifafa kwa binadamu wengi katika nchi yetu, anaweza kutua pia kwenye ubongo wa mbwa anayekula kinyesi cha watu vichakani. Choo bora ni kinga ya familia nzima, mbwa akiwemo.

Yote hayo yakichunguzwa yasionekane, na mbwa alianza kuanguka akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 6, na kati ya kuanguka kumoja na kwingine ni mzima kabisa, hapo daktari atasema ni kifafa cha asili. Mara nyingi hurithiwa, na baadhi ya mbwa wa kizungu, kama Jamani Shefadi na Labrador, hupatwa zaidi. Hakiambukizi watu wala mbwa wengine. Ila usimpandishe, usikigawe kwa watoto wake.

Kifafa cha kuanguka mara mojamoja huangaliwa kwa daftari kabla ya kuangaliwa kwa dawa. Andika tarehe, saa, degedege lilidumu muda gani, alikuwa amefanya nini, alikula nini, alichukua muda gani kurudi katika hali yake. Kwa jike andika pia siku zake za joto, maana wengine huanguka karibu na siku hizo. Daftari la shule la mtoto linatosha. Madaktari wa mifugo duniani wanakubaliana kwa sehemu kubwa kwamba dawa ya kila siku ianze pale mbwa anapoanguka mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6, au anapopata degedege refu la zaidi ya dakika 5, au mfululizo ndani ya siku moja, au anapochukua muda mrefu mno kupata nafuu. Mbwa anayeanguka mara moja kwa mwaka, dakika moja na nusu, anaweza asihitaji kidonge hata kimoja. Bila daftari utajuaje ni mara ngapi?

Dawa yenyewe haikuja jana. Fenobabitoni ilianza kutumika kwa kifafa cha binadamu mwaka 1912, baada ya daktari Mjerumani Alfred Hauptmann kuona inavyopunguza degedege kwa wagonjwa wake. Hadi leo ndiyo dawa kuu ya mbwa pia. Hutolewa kwa cheti cha daktari, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, na huchukua kama wiki mbili kutulia mwilini. Katika wiki hizo mbwa atasinzia, atayumba miguu ya nyuma, atakunywa maji mengi, atakojoa sana na kula kwa pupa. Usiogope, na usiache. Kuiacha ghafla ni hatari kuliko kutoianza, kwa sababu degedege hurudi kwa nguvu. Mwaka hadi mwaka ini lake linahitaji kupimwa. Na usimkatie mbwa vidonge vya mtu mwingine vilivyobaki kabatini. Kipimo cha mbwa hakifanani na cha binadamu, na dawa nyingine za binadamu, kama zile za maumivu, humuua.

Nawaomba pia msitarajie muujiza. Mbwa aliyekuwa akianguka mara nne kwa mwezi akianguka mara moja, dawa imefanya kazi.

Ndugu zangu, tuna funzo la hapahapa nchini. Kule Mahenge, wilayani Ulanga mkoani Morogoro, kuelekea mwaka 1960, daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall aliwakuta Wapogoro wengi wenye kifafa. Walitengwa, kwa kuwa watu waliamini ugonjwa huo huambukizwa kwa mate na pumzi. Mgonjwa akiangukia motoni, wapo walioogopa kumgusa, akaungua. Aliwaanzishia kliniki, akawapa vidonge kwa utaratibu, fenobabitoni hiyohiyo, na wengi walirudi kwenye kazi na familia zao. Nawataja kwa heshima, wala siwalinganishi watu na mbwa. Ninasema kwamba woga uleule, wa mate na povu, ndio unaoinua rungu uani mwetu, na ujuzi uleule ndio unaoweza kulishusha. Na ikiwa leo nyumbani kwako yupo mtoto au mzee anayeanguka, mpeleke kituo cha afya kabla ya mbwa yeyote. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Zipo nyakati ambazo daktari, dawa na subira vyote vitashindwa, na mbwa ataanguka kila siku bila kupata fahamu. Hapo kumpumzisha ni huruma, lakini kwa sindano ya mtaalamu, si kwa mawe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, nasi tumelelewa kujua hivyo kabla ya sheria hiyo kuandikwa.

Nimalizie kwa maombi. Kwako mwenyekiti wa kijiji au mtaa: tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Usingoje ifike. Kaa na mtendaji na bwana mifugo, hesabuni mbwa wa eneo lenu, ombeni chanjo. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 kati ya kila 100, kichaa kinakatika. Si ndoto: kisiwani Pemba, kampeni zilizoanza mwaka 2010 zilikikomesha, kikarudi mwaka 2016 kutoka nje, wakachanja tena, na kufikia 2018 kikakomeshwa kwa mara ya pili. Kama Pemba waliweza mara mbili, Kasokola tunaweza mara moja.

Kwako mama na baba mwenye mbwa: kesho asubuhi tafuta cheti chake cha chanjo. Kama hakipo au mwaka umepita, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii. Andika namba ya bwana mifugo nyuma ya mlango, pale ambapo hata mtoto ataiona. Kwenu watoto: mbwa akianguka, msimpige, msimsogelee, mwiteni mkubwa.

Na kwako jirani uliyekuja na rungu ukiwa na hofu ya kweli moyoni: lishike mkononi ukitaka, simama mbali na mbwa, na umuulize mwenye mbwa swali moja tu, amechanjwa lini? Akikujibu kwa cheti, tazameni saa pamoja.